Anza na shanga za mtoto

Siku ya kliniki pale Mloka, mama mmoja aliyeleta kichanga kupimwa uzito aliniuliza jambo lisilo la afya. Binti yake wa kidato cha kwanza anakariri historia ya kale lakini haimwingii. "Na mimi sikusoma, dada. Nitamsaidiaje?"

Kichanga kilikuwa na shanga kiunoni. Nikamwambia aanze na hizo.

Karibu na Kibiti, miaka ya 1990, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua shanga za kioo za zama za Warumi. Karne ya 1, mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki habari za Rhapta, bandari ya pwani yetu iliyouza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Chami anaamini ilikuwa kwenye delta ya Rufiji. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, kusini mwa delta, akausifu mji ule kwa uzuri.

Mzazi, huhitaji kuyajua majibu. Jioni muulize mwanao: shanga zilifikaje huku? Walioleta waliondoka na nini? Sisi tumejuaje? Mwache akueleze wewe. Akikwama, swali hilo aende nalo kwa mwalimu.

Na mkikuta shanga au vigae vya kale shambani, msivichimbue wala kuviuza. Toeni taarifa ofisi ya kijiji. Kikishaondolewa mahali pake, sehemu kubwa ya habari yake hupotea.