Ada si gharama yote
Mhitimu wa kidato cha sita anayechagua chuo kwa kutazama ada pekee anajidanganya. Ada hulipwa kwa awamu. Kodi ya chumba Dar es Salaam mwenye nyumba huitaka ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na chakula hakisubiri. Watasema Bodi ya Mikopo ipo. Ipo, lakini udahili si mkopo: mtu huweza kupata nafasi akakosa fedha, au akapewa sehemu tu, kisha akiajiriwa akakatwa asilimia 15 ya mshahara. Wengine watatetea jina la chuo. Lina uzito wake, hatubishi, ila halimsaidii aliyeahirisha masomo mwaka wa pili. Kati ya vyuo anavyoomba, basi, kimoja kiwe kile ambacho familia inakimudu hata bila mkopo, ikiwezekana kwenye mji wenye ndugu wa kumpokea.