Ile nyota yenye kuwaka na kuzimika hapana kila mara droni

Jioni, wakati umeme umekatika, wakaaji wa Kivu na Ituri wanaona mara nyingi nyota moja inapita polepole bila kelele: inawaka, inazimika, inawaka tena. Siku hizi jibu linakuja haraka: ni droni. Woga huo unaeleweka, juu watu wameona mengi. Lakini vingine kati ya vitu hivyo ni ma satelite yaliyokufa, yenye kujipindua, na kuna watu wanaopima mwendo wake kwa telefone tu.

Mfano mmoja unagusa Goma. Envisat, satelite ya Ulaya yenye uzito wa tani 8, ilirushwa mwezi wa 3 mwaka 2002, majuma machache kisha Nyiragongo kuchoma muji. Rada yake ilisaidia wanasayansi kuona namna udongo unavimba na kushuka kandokando ya Nyiragongo na Nyamulagira. Tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 2012 ikanyamaza. Leo bado iko juu, kwa kilomita karibu 770, na hakuna mutu anayeiongoza.

Kitu chenye kujipindua kinarudisha mwangaza wa jua kama kipande cha kioo mukononi mwa mutoto. Kupima muda kati ya mwangaza mmoja na mwingine njo kujua mbio yake. Wapenzi wa anga wa Ubelgiji walikusanya vipimo vya namna hii kwa miaka mingi. Kazi yenyewe ni nyepesi: kuanzisha kronometre ku mwangaza wa kwanza na kuuita sifuri, siyo moja (hapo njo wengi wanaharibu hesabu). Kama mwangaza wa kumi unafika kisha sekunde 107, muda kati yao ni sekunde 10,7. Tena hiyo si lazima iwe mzunguko mzima, juu kitu chenye pande mbili za kungaa kinaweza kuwaka mara mbili.

Faida yake ni gani? Mwaka 2013, wapimaji wa Graz, Austria, walitumia leza na kukuta Envisat inamaliza mzunguko kwa sekunde karibu 135, na inazidi kupunguza mbio. Usumaku wa dunia unaivuta kama breki. Topex/Poseidon, iliyoacha kazi mwaka 2006, inafanya kinyume: mwanga wa jua unaisukuma, inaongeza mbio. Mwenye kutaka siku moja kuikamata Envisat na kuishusha, lazima ajue kwanza inajipindua namna gani. Hapana mchezo: mukono wa chuma ukigonga tani 8 zenye kuzunguka, unavunjika.

Isiposhushwa, inaweza kubaki huko miaka 150 hivi. Mwaka 2009, satelite ya Urusi iliyokufa iligongana na moja ya Marekani iliyokuwa ikifanya kazi, karibu na urefu ule ule. Vilibaki vipande zaidi ya 2.000. Fasi hiyo hiyo njo wanapita ma satelite yanayochunga volkano leo. Inchi zilizotupa vitu hivyo zinakawia sana kuviondoa, na Goma haina sauti ku meza hiyo.

Kwetu, karibu na ikweta, saa nzuri ni tangu giza kuingia mpaka saa moja na nusu usiku, ao mbele ya mapambazuko. Kiisha hapo kivuli cha dunia kinameza vitu vingi vya urefu ule, vinazimika katikati ya anga. Ndeke ina taa nyekundu na kijani, na mara nyingi inasikika. Droni inaweza kusimama ao kugeuka. Satelite haigeuki: inavuka anga kwa dakika chache, njia moja. Na mwenye kutaka kupima afanyie ndani ya lupango yake, hapana karibu na kizuizi cha askari, juu telefone iliyoinuliwa usiku inaweza kuleta maulizo marefu.