Topu ya Kufuma kwa Mkono Si ya Bei ya Jioni

Wasee, tuongee ukweli. Kuna swali wafumaji wa Kibera na Kawangware wanaulizwa kwa inboksi kila wakati: "Si uniuzie na bei ya rafiki?" Mimi nasema rafiki ndiye anafaa kulipa bei kamili. Wacha nieleze.

Chukua hizi topu pana za matundu-matundu, zile za kuvaa Januari mpaka Machi wakati jua la Nairobi halina huruma. Kwa picha unadhani ni kitu rahisi, juu nusu yake ni hewa. Kumbe hiyo hewa ndiyo kazi. Kila tundu linatoka kwa kuzungusha uzi juu ya sindano, halafu karibu yake unafuma vishono viwili kuwa kimoja ndiyo hesabu ibaki sawa. Ukisahau mara moja tu, ua lote linaenda upande. Unafumua, unarudi nyuma, unaanza tena huo mstari.

Sasa hesabu. Tuseme uzi ni shilingi 600 na kazi imechukua masaa 20. Mteja anataka topu kwa 1,000. Toa uzi, inabaki 400. Gawa kwa masaa 20 upate shilingi 20 kwa saa. Hiyo ni chapati moja, bila madondo.

Mtu atasema, "Lakini Toi napata topu kwa 100." Sawa, hata mimi ni mtu wa Toi. Lakini bei ya mtumba haina masaa ya aliyeitengeneza. Huyo alilipwa zamani, mbali, pengine vibaya, na mnunuzi wa kwanza akavaa akachoka nayo. Wewe unalipia robota, usafiri na faida ya muuzaji. Huwezi kuchukua hiyo bei umpelekee dada wa Kawangware ambaye vidole bado vinamuuma.

Na hii tabia haikuanza na sisi. Mamathe na mashosho wetu walifuma vitambaa vya makochi kwa miaka, ndani ya matatu, kwa chama, wakingoja ibada ianze. Tukasema wanapitisha wakati tu. Hakuna aliyehesabu masaa yao, na leo msichana akifuma topu bado tunaona ni mchezo. Kinyozi wa mtaa humwambii akunyoe kwa nusu bei ati juu anapenda kazi yake. Mbona mfumaji?

Wafumaji, nanyi mko na sehemu yenu. Andikeni masaa kwa kitabu, muitishe nusu ya pesa kabla ya kuanza, na msishindane na Toi. Itumieni. Tafuta sweta kubwa ya pamba, uigeuze ndani uangalie mishono. Kama kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, achana nayo, uzi utatoka vipande vipande. Kama kila kipande kilifumwa na ukingo wake mzima, fumua, osha uzi, uanike ujinyooshe. Pamba inapitisha hewa kuliko akriliki, na kwa topu ya jua hiyo ndiyo maana yote. Ila pamba ni nzito na hulegea, kwa hivyo usifume ndefu sana.

Na kama huna doh, hakuna aibu. Lipa pole pole kwa M-Pesa kabla topu iishe, ama ununue kitu kidogo kama kitambaa cha kichwa. Hiyo ni heshima kuliko kubembeleza mtu afanye kazi ya chapati.

Kwa hivyo kabla uandike "bei ya rafiki", uliza kwanza: "Imekuchukua masaa mangapi?" Halafu ugawe mwenyewe.