Ubongo nao una mpaka wake

Mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Rusumo anajua kuwa mzigo haupiti mpakani kwa sababu ni mkubwa. Ubongo nao ndivyo ulivyo. Kuta za mishipa midogo inayoulisha zimebanana: oksijeni na sukari hupita, dawa nyingi za saratani hurudishwa. Daktari akiongeza dozi, ziada huumiza uboho na utumbo, huku uvimbe kichwani ukiendelea kukua.

Ndiyo maana kazi ya madaktari wa Chicago iliyotangazwa mwaka 2023 ina uzito. Wao hawakuongeza mzigo, walilegeza lango. Kifaa cha altrasaundi kilipandikizwa kwenye fuvu, mgonjwa akadungwa viputo vidogo mno mshipani, mawimbi ya sauti yakavitikisa hadi kuta zikaachia. Dawa ya paklitakseli ndani ya ubongo iliongezeka karibu mara nne. Baada ya saa moja lango lilikuwa limejifunga tena kwa sehemu kubwa, na hilo si dogo, maana ukuta huohuo ndio unaozuia sumu na vijidudu.

Hata hivyo, wagonjwa walikuwa 17 tu. Serikali za Afrika Mashariki zisikimbilie mashine hiyo wakati kuna kidonge kinachovuka ukuta chenyewe: temozolomidi. Utafiti uliotolewa mwaka 2005, wenye wagonjwa 573 wa glioblastoma, ulionyesha kuwa baada ya miaka miwili asilimia 26 ya waliopewa kidonge hicho pamoja na mionzi walikuwa hai. Wa mionzi peke yake, asilimia 10. Si kupona. Lakini kwa mama mwenye watoto shuleni, mwaka ni mali.

Kidonge hicho kinahitaji mionzi, na mionzi inahitaji jirani. Mwaka 2016 mashine pekee ya Uganda ilipoharibika, baadhi ya wagonjwa walitibiwa Nairobi. Mpya ilizinduliwa Kampala 2018. Msaada ule ulitokana na dharura, wala haukuwa utaratibu.

Jumuiya ilianza kuoanisha usajili wa dawa mwaka 2012, ila hadi leo kila nchi hutoa kibali chake. Dawa za uvimbe wa ubongo zina wanunuzi wachache, na mwagizaji gani atalipia usajili mara nane kwa maboksi machache? Kibali kimoja kingetosha nchi zote, na mgonjwa anayevuka kufuata mionzi atozwe bei ya mwenyeji.