Mbio za usiku kucha: Miguu tunayo, barabara je?

BILA shaka umeshaziona hizo video. Ni saa tisa usiku, giza totoro, na msichana mwenye tochi kichwani na jaketi ya reflekta kama ya mtu wa boda anakimbia peke yake kwenye barabara ya mashambani. Mbele kuna gari limeegeshwa, na wenzake wenye macho mekundu wanampigia makelele. Akifika anamvisha mmoja wao bangili mkononi, huyo anachomoka, naye anaingia garini kulala na viatu miguuni.

Kama wewe ni wa vile vikundi vya kukimbia Jumamosi asubuhi, najua swali lililokujia: mbona sisi hatuna hii? Tunajiita taifa la wakimbiaji, au sivyo?

Swali ni zuri. Lakini kabla hujaanza kuchangisha pesa kwenye grupu ya WhatsApp, elewa kwanza kitu chenyewe kinavyofanya kazi.

Mbio maarufu zaidi za aina hii ni Hood to Coast, zinazofanyika jimbo la Oregon, Marekani, kila mwisho wa Agosti. Zilianza 1982 na timu nane tu. Siku hizi zaidi ya timu 1,000 hushiriki, na nafasi hutolewa kwa bahati nasibu kwa sababu wanaotaka ni wengi kuliko barabara inavyoweza kubeba. Zinaanzia Timberline Lodge kwenye Mlima Hood, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuishia kwenye mchanga wa ufuo mjini Seaside. Umbali ni kama kilomita 320. Kwetu hapa hiyo ni Nairobi hadi Eldoret, na chenji kidogo inabaki.

Timu ina watu 12. Njia imekatwa vipande 36, kila mtu anakimbia mara tatu, wastani wa kilomita tisa kila zamu. Jumla yako ni kama kilomita 27. Kwa mwendo wa dakika sita kwa kilomita, mwendo wa kawaida kabisa pale Karura, timu nzima inamaliza baada ya saa 32.

Kwa hivyo kilomita zenyewe hazitakuua. Utakaposhindwa ni kwenye kusubiri. Timu hugawanywa katika magari mawili, watu sita kila gari. Gari la kwanza linamaliza zamu zake sita kwa saa tano na ushee, kisha la pili linapokea. Wewe umekimbia saa tano asubuhi, jasho limekukaukia, umekula ndizi mbili na mkate. Umekaa kwenye foleni (timu 1,000 mara magari mawili, jam ya huko si mchezo). Halafu saa tatu na nusu usiku, miguu ikiwa imekaza kama mbao, unaambiwa vaa viatu tena. Ukimaliza unapata labda saa mbili za kulala shambani mwa mtu, kwenye nyasi zenye umande, na saa mbili asubuhi ni zamu yako ya tatu. Na usikimbilie zamu ya kwanza kabisa kwa sababu ni mteremko. Inashuka karibu mita 600 kabla ya kumpokeza wa pili, na hao wanaodhani ni mteremko wa bure ndio huonekana siku ya pili wakishuka kwenye gari kinyumenyume.

Sasa turudi nyumbani.

Sisi tumezoea kuona mbio kama kazi ya mtu mmoja. Jina moja, bendera moja begani, gari moja la zawadi. Ukweli ni kwamba hata siku ile Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna, Oktoba 2019, alikuwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkatia upepo. Na Wajapani waligundua zamani kwamba Mkenya anafaa sana kwenye timu: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 vyuo vyao vimekuwa vikiwaleta vijana wetu kukimbia Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za siku mbili, kilomita 217, kila Januari 2 na 3. Huko mtu hubeba utepe wa timu begani, na akichelewa kupita kiasi, mwenzake anaachiliwa aondoke bila utepe huo. Watu hulia barabarani kwa aibu ya kuwaangusha wengine tisa.

Kwa hivyo miguu tunayo, na moyo wa timu pia. Kitu tusicho nacho ni barabara ambayo mtu anaweza kuwa juu yake usiku, kwa miguu, na arudi nyumbani akiwa hai.

Hebu tandika kilomita hizo 320 kwenye ramani yetu. Umetoka Nairobi, umepita Naivasha, Nakuru, na usiku wa manane mwenzako yuko Salgaa. Peke yake, na tochi kichwani. Mkono wake wa kulia kuna malori yanashuka mteremko, mkono wa kushoto ni mtaro. Ni sehemu hiyo hiyo ambapo, Desemba 31, 2017, ajali ya Migaa iliua zaidi ya watu 30, hadi NTSA ikapiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Kelvin Kiptum, mtu aliyekimbia marathoni kwa saa 2:00:35, kasi ambayo hakuna binadamu alikuwa amewahi kufikia katika mashindano rasmi, alifia ndani ya gari usiku wa Februari 11, 2024, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kaptagat. Kila mwaka barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000, na kundi kubwa zaidi kati yao ni watembea kwa miguu. Hao hawakuwa wakikimbia kwa raha zao. Walikuwa wanatoka kazini.

Tena hatari haiko nje ya gari pekee. Anayewaendesha pia amekesha. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini karibu sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Mbio za saa 32 zina maana kwamba kuna saa fulani ambapo gari lenu linaendeshwa na mlevi asiyekunywa.

Halafu kuna suala ambalo wanaume kwenye grupu hulipita haraka. Katika mpango wa Marekani, gari hutangulia mbele na mkimbiaji anabaki peke yake gizani kwa karibu saa nzima. Muulize msichana yeyote wa kikundi chenu kama angekubali. Januari 27, 2024 maelfu ya watu, wengi wao wanawake vijana, waliandamana Nairobi kupinga mauaji ya wanawake, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Ingawa hapa nikiri jambo moja linalonisumbua. Tunapowaambia wasikimbie usiku, tunaongea kama vile usiku ndio adui. Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021. Rebecca Cheptegei wa Uganda alichomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia mwaka 2024, baada ya kutoka kanisani. Giza halikuhusika. Kwa hivyo kumfungia msichana nyumbani saa kumi na mbili jioni na kuita hilo usalama, mimi sikubali. Mbio ziwe na sheria ya watu wawili wawili usiku, kwa kila mtu, wanaume pia, ili isionekane kama ni msaada kwa akina dada.

Je, tuache wazo lote? Hapana. Tuache tu barabara kuu.

Tayari tuna mfano mzuri. Tangu mwaka 2000, watu hukimbia ndani ya hifadhi ya Lewa, pamoja na faru na simba, huku askari wa wanyamapori na ndege wakilinda njia. Yaani tumeweza kumlinda mkimbiaji dhidi ya simba, lakini dhidi ya lori bado. Na mwaka 2022 Nairobi City Marathon ilifanyika juu ya Expressway, barabara ikafungwa kwa saa kadhaa na jiji halikufa. Bila shaka hakuna atakayekufungia barabara ya Nakuru kwa saa 32. Lakini shamba la chai lenye njia za ndani, geti moja na mwenye shamba aliyekubali, hilo linawezekana.

Mzunguko wa kilomita tano. Timu ya watu sita. Mnaanza saa kumi na mbili jioni, mnamaliza saa kumi na mbili asubuhi, timu yenye mizunguko mingi inashinda. Hamhitaji gari la kufuatana nanyi, kwa hiyo hakuna dereva wa kusinzia. Ambulensi inakaa mahali pamoja. Kule Oregon, shule za vijijini huuzia wakimbiaji chakula na kukusanya pesa za mwaka. Hapa akina mama wa chai na mandazi wangeshughulikia upande huo bila kufundishwa na mtu.

Mkitaka kuijaribu, anzeni na watu mnaowajua na usiku mmoja usio na mvua. Andikeni barua kwa mwenye shamba, kwa chifu na kwa OCS wiki kadhaa mapema. Na zamu ya saa tisa usiku msimpe yule mgeni wa kikundi eti kwa sababu hajui kukataa.