Kiwanja Kisiuzwe, Kompyuta Inaanzia Hapo Hapo Nyumbani



Wiki hii simu zimekuwa nyingi. Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne, anapenda kompyuta, na wazee wamekaa kikao wakaona kiwanja cha familia kiuzwe ili kijana aje huku Bondeni "kusomea programu". Mimi nimepewa kazi ya kutafuta chuo. Badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona nijibu hapa kibarazani, maana najua si ukoo wetu peke yake wenye mpango wa namna hii. Jibu langu ni fupi: kiwanja kisiuzwe. Kuandika programu ni elimu kubwa na ningependa sana kijana aipate. Ila hatua zake za kwanza haziuzwi Johannesburg, wala hazihitaji viza.

Kwanza niwaambie hali ya huku. Mnaona kwenye picha ule mnara wa simu wa Hillbrow, mita 269, umesimama tangu 1971, mnadhani chini yake kila mtu ni fundi mitambo. Jamani! Chini yake kuna watu wa Kongo, Zimbabwe, Nigeria, Msumbiji na sisi Wabongo, kila mmoja anahangaika na kodi ya chumba. Nguzo za umeme zimejaa karatasi: kozi ya kompyuta wiki sita, cheti, kazi uhakika. Jamaa yangu mmoja wa Bukavu alilipa ada ya miezi mitatu kwenye chuo kimoja cha ghorofani (sitakitaja). Alifundishwa kuandika barua kwa Word na kupigia mstari kichwa cha habari. Muhula wa pili alikuta kufuli mlangoni. Wizara ya elimu ya juu ya hapa imekuwa ikitoa tahadhari mara kwa mara kuhusu vyuo visivyosajiliwa, na orodha ya vyuo binafsi vilivyosajiliwa iko wazi kwa yeyote. Viza ya masomo nayo inataka barua ya chuo kinachotambulika, bima ya afya na ushahidi wa pesa za kujikimu. Habari za 2008, 2015 na 2019, mgeni alivyowindwa mitaani, mnazijua, sirudii.

Sasa tuje kwenye programu yenyewe, maana nahisi wengi mnaiogopa bure.

Kuna lugha ya kompyuta inaitwa Python. Neno hilo ni chatu, lakini aliyeitunga, Mholanzi Guido van Rossum, hakumfikiria nyoka. Aliichukua kutoka kwa wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza, Monty Python. Alianza kuiandika Amsterdam mwishoni mwa 1989, akaitoa kwa watu 1991. Ni ya bure. Wanaoanza huipenda kwa sababu unaandika mstari mmoja, unaona jibu hapo hapo.

Na misingi yake mnayo tayari. Chukueni teksi za hapa, zile Toyota za watu 15. Hazina konda. Ukitaka kwenda mjini unasimama kando ya barabara na kunyoosha kidole kimoja juu, dereva anaelewa. Ishara ndogo yenye maana moja ambayo pande zote mbili zimekubaliana: hiyo tayari ni lugha ya programu. Ukishakaa, pesa zinapitishwa kutoka viti vya nyuma kwenda mbele, na abiria aliyekaa karibu na dereva ndiye anayehesabu na kurudisha chenji. Sasa mwandikieni kompyuta kazi ya huyo abiria, tuseme nauli ni randi 20:

nauli = 20
abiria = 15
print(nauli * abiria)

Kompyuta itajibu 300. Hilo neno "nauli" ni kama kopo lenye lebo, ndani yake umeweka 20. Kesho petroli ikipanda unabadilisha kilichomo, lebo inabaki ile ile. Wahisabati wanaita kigeu. Endelea:

pesa = 50
if pesa >= nauli:
    print("Chenji yako ni", pesa - nauli)
else:
    print("Shuka, tembea kwa miguu")

Hapa kuna sharti: kama pesa inatosha fanya hivi, la sivyo fanya vile. Ile nafasi mwanzoni mwa mstari si urembo, ndiyo inayoieleza kompyuta kwamba maneno haya yako chini ya sharti lile. Ukiiondoa inagoma. Halafu abiria si mmoja, kwa hiyo unaiambia irudie:

for pesa in [20, 50, 100]:
    print("Chenji:", pesa - nauli)

Itatoa 0, 30 na 80. Ungeweka abiria elfu moja usingeongeza mstari hata mmoja. Baki moja tu, fanksheni, nayo ni kuipa kazi jina ili usiieleze upya kila siku. Shangazi akisema "songa ugali" haanzi kueleza habari za kuchemsha maji. Kigeu, sharti, kurudia, fanksheni. Mengine mengi yanajengwa juu ya haya.

Wazee wa bao nao wasijitoe. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Unapotakata, kete yako ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unazichukua na kuendelea, ikiangukia shimo tupu umelala, zamu ya mwenzio. (Naacha kando sheria za nyumba, msinitukane.) "Endelea mradi shimo si tupu" ni programu kamili, na Python ina neno lake, "while". Babu zetu wamekuwa wakiiendesha kichwani miaka yote hiyo, tena mchezaji mzuri anaona mizunguko kadhaa mbele kabla hajagusa kete.

Mtasema Kiingereza ndicho kikwazo. Hebu tuhesabu. Python ya leo ina maneno maalum 35 tu. Mengi ni mafupi: kama, au, na, siyo, rudisha. Majina ya vigeu unaweka kwa lugha unayotaka, kama mlivyoona hapo juu. Muuza nyanya wa mtaani kwangu anajua Kizulu cha sokoni, Kiingereza, Kifaransa cha Wakongo na Kiswahili cha kutuchekesha sisi, na hakukaa darasani hata siku moja kwa ajili hiyo. Maneno 35 ni kazi ya wiki moja. Kiswahili chenyewe hakijalala pia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Na ile Scratch ya watoto, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ina Kiswahili kwenye orodha yake ya lugha. Kinachokosekana zaidi ni mtu wa kukaa na mtoto na kumweleza kwa lugha anayoiotea ndoto.

Niwape kisa cha hapa hapa jirani. Kutoka Hillbrow ukipita kilima cha Mahakama ya Katiba ukashuka Braamfontein, unafika kwa miguu Chuo Kikuu cha Wits. Hapo alisoma Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria 1928, kijana mweupe aliyepinga ubaguzi wa rangi. Aliondoka akaenda Cambridge, kisha Geneva, kisha MIT, na mwaka 1967 yeye na wenzake walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa watoto. Baadaye Logo ikapata kobe wake. Mtoto anamwamuru: nenda mbele, geuka kulia, rudia. Kobe anatembea akichora. Papert alishikilia kwamba mtoto anaelewa maumbo vizuri zaidi akijiweka mahali pa kobe na kutembea mwenyewe. Alifariki 2016, lakini kobe wake yumo ndani ya Python mpaka leo.

Sasa angalieni: wazo hilo halihitaji hata umeme. Jioni waiteni watoto uani. Mmoja awe kobe, mwingine atoe amri, na kobe asifanye jambo lolote ambalo hakuambiwa. Hatua nne mbele, geuka kulia, rudia mara nne. Kama amechora mraba mchangani, wameandika programu. Kama amegonga banda la kuku, watafute amri ipi iliyokosewa. Huko kutafuta ndiko sehemu kubwa ya kazi ya waandika programu duniani, wenye mishahara yao.

Najua swali la mwisho, kaka yangu wa Dar keshaniuliza: siku hizi si akili mnemba inaandika programu yenyewe, kijana ajifunze ya nini? Ni kweli inaandika, na mimi naitumia. Lakini chukueni kosa hili dogo. Python ukiiambia ipokee tarakimu kutoka kwa mtu anayeandika, inazichukua kama maandishi mpaka uiambie ni namba. Maandishi yakijumlishwa yanaunganishwa tu. Mchango wa 5000 na mwingine wa 5000 unapata 50005000. Hilo utaliona, litachekesha kikao. Ila makosa mengine hayapigi kelele: faini ya kuchelewa inayokatwa mara mbili, mwanachama mmoja anayerukwa kwenye orodha. Kikoba kikitumia programu ambayo hakuna hata mmoja anayeweza kuisoma, nani atawatetea akina mama pesa zao zikipungua? Ndiyo maana nataka kila ukoo uwe na angalau mtu mmoja anayeweza kuifungua na kusema, hapa si sawa.

Basi pendekezo langu ni hili. Kijana awekewe Pydroid 3 kwenye simu ya Android. Ikishawekwa haihitaji bando kwa mazoezi. Asome bure kitabu cha Al Sweigart, "Automate the Boring Stuff with Python", mwandishi mwenyewe amekiweka wazi mtandaoni. Kiingereza chake ni chepesi, na pale kitakapomkwaza anipigie. Kila siku saa moja, miezi mitatu, bando nalipa mimi. Mtihani wake uwe daftari la kikoba cha mama yake: majina, michango, mikopo, faini. Mweka hazina akilinganisha na daftari la karatasi na kukuta kila shilingi iko mahali pake, amefaulu.

Hapo tutaongea habari za laptop iliyotumika na chuo, tukianza na vya nyumbani. DIT wana stashahada kwa waliomaliza kidato cha nne, na UDOM na UDSM hawajahama. Na akitaka kuja Wits siku moja aje, mlango ninao, godoro lipo, lakini aje akiwa anajua anachokuja kununua. Miezi mitatu ikipita akaona hakipendi, hatujapoteza kitu, kiwanja kipo na mipaka yake. Shamba likishauzwa halirudi, na huku nimewaona vijana waliouziwa mashamba wakipanga viatu vya mitumba kando ya barabara, wanaona haya kupiga simu nyumbani.

Haya, wazee wangu, nimesema. Msiopenda niambieni, na mwenye kijana aliyekwishaanza njia hii atupe uzoefu wake hapo chini. Shangazi, nakusubiri wewe kwanza.

Nawasalimu kutoka Hillbrow.