Virusi Tunavipima, Kinga Je?

Kijana anayeishi na VVU anaamka mkono na mguu wa upande mmoja haviinuki, maneno yanamponyoka, kisha degedege. Nyumbani watasema kiharusi, au amerogwa. Huenda ni toksoplazimosisi: kimelea kilichomwingia miaka mingi nyuma kwa nyama isiyoiva au mboga zenye udongo uliochafuliwa na kinyesi cha paka, kikalala kimya ubongoni, kikaamka seli za kinga ya mwili, CD4, zilipoporomoka chini ya 100.

Ndiyo maana siafiki ushauri wa haraka wa kumfukuza paka nyumbani. Kuosha mboga na kuivisha nyama ni lazima, hasa kwa ambaye hajawahi kuambukizwa. Lakini wengi wanaougua hivi wameamshiwa kimelea cha zamani. Adui wao ni kinga iliyoshuka bila mtu kujua.

Na hapo ndipo sera yetu inapopwaya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri CD4 zishuke. Tanzania na Kenya zikafuata mwaka 2016. Uamuzi ule ulikuwa sahihi na umeokoa maisha. Kwa kuwa CD4 hazikuamua tena nani aanze dawa, kipimo chake kikaanza kuonekana cha ziada, na fedha zikaelekea kwenye kupima wingi wa virusi.

Wanaotetea mwelekeo huo wana hoja nzito. Kujua kama dawa inafanya kazi, hakuna kipimo kinachoushinda wingi wa virusi, na kumpima CD4 kila baada ya miezi sita mtu ambaye virusi vyake vimefubaa ni kupoteza vitendanishi. Hilo nakubali kabisa. Ila wapo wanaofika kliniki wakiwa wamechelewa, na wapo walioacha dawa kwa safari, kwa unyanyapaa au kwa kukata tamaa, kisha wakarudi. Kwa hao, wingi wa virusi hauelezi ni hatari gani iko karibu. CD4 zinaeleza: chini ya 200, mtu mzima huhesabiwa kuwa na VVU vilivyofikia hatua ya juu, na anastahili kuchunguzwa kifua kikuu na fangasi wa homa ya uti wa mgongo, na kupewa septrini.

Septrini hii ya kawaida ndiyo ngao dhidi ya toksoplazimosisi, na humkinga pia na nimonia hatari. Ni dawa ya bei ndogo. Ugonjwa ukishaamka, gharama ni nyingine: picha ya CT, ambayo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, na matibabu ya wiki 6 hivi kabla ya dozi ya kuzuia usirudi. Pasipo picha, daktari huanza tiba kwa kukisia, akitazama kama mgonjwa atapata nafuu ndani ya wiki 2.

Kwa hiyo CD4 zipimwe mara tatu: mtu anapoanza dawa, anaporudi baada ya kuziacha, na dawa zinaposhindwa kufubaza virusi. Hata zahanati inaweza. Tangu 2020 kipo kipimo cha haraka kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, kisichohitaji mashine, kinachoonyesha kama CD4 ziko juu au chini ya 200. Kiingizwe kwenye bajeti zetu wenyewe, pamoja na septrini, sasa ambapo misaada ya nje imetikisika.